Programu haitakuambia mwezi uliandama lini

Ujumbe wa namna hii umenifikia mara tatu ndani ya wiki moja, na huo wa tatu ndio ulionitoa kitandani saa tano usiku: "Shikamoo mhariri. Nina wazo zuri sana la riwaya, ila sijaanza kwa kuwa sijapata programu nzuri ya kuandikia. Unanishauri ninunue ipi?"

Marahaba, mwanangu. Usinunue yoyote.

Nimehariri riwaya za Kiswahili kwa miaka 16: za mapenzi, za upelelezi, za kihistoria, na moja ya majini ambayo mpaka leo siielewi. Sijapata kuona mswada ulioharibika kwa kukosa programu. Nimeona mswada ambamo mama mtu kampita mwanawe wa kwanza kwa miaka sita tu, na hakuna aliyegundua mpaka sura ya 19, mwandishi mwenyewe akiwemo. Aliandikia kwenye kompyuta ya bei mbaya, mashallah.

Ili nisionekane mkaidi, habari za programu niziseme haraka tuondokane nazo. Word inatosha. LibreOffice ni ya bure na inatosha vilevile. Google Docs kwenye simu inatosha kwa anayeandikia ndani ya daladala, nami nina waandishi wawili wa hivyo, wazuri kabisa. Scrivener ni ya kulipia, na raha yake ni kuhamisha sura huku na huko bila kunakili na kubandika. Ukifika rasimu ya pili ukaona unaihitaji, haya. Ila kabla ya yote badili lugha ya kihakiki tahajia. Kompyuta ikidhani unaandika Kiingereza, kila "i" iliyosimama peke yake inageuzwa herufi kubwa. Nimeletewa mswada wenye "chai I mezani" na "gari I wapi" mahali zaidi ya arobaini. Nilizisahihisha moja moja nikimtaja mwenye programu hiyo kwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Akili mnemba? Inaandika Kiswahili kisicho na kosa la ngeli na kisicho na mtu ndani yake. Tuendelee.

Kifaa kingine mnachoniulizia ni kihesabu maneno. Kulikuwa na lile shindano la Wamarekani lililoanza 1999, la kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, yaani 1,667 kwa siku. Taasisi iliyoliendesha ilitangaza kufunga milango 2025, lakini hesabu zake bado zinawatesa watu wa hapa. Jamani, "hatujakusahau" kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji matano. Mtu anasoma kwamba riwaya ni maneno 80,000, anajiona mvivu kwa kuwa yake imeishia 55,000, anaanza kuijaza mvua zisizonyesha popote na maelezo ya sebule. Hesabu kurasa. Afadhali zaidi, hesabu matukio.

Sasa kifaa chenyewe. Ni daftari. Laweza kuwa jedwali la kompyuta, laweza kuwa la karatasi. Mimi nataka la karatasi kwa sababu halifungwi kwa bahati mbaya. Kila tukio lina mstari wake: siku ya wiki, tarehe, mwaka, saa, mahali, nani yupo, kila aliyepo ana umri gani, nani anajua nini kufikia hapo, na mwezi angani ukoje. Safu ya "nani anajua nini" ndiyo inayookoa riwaya za upelelezi. Safu ya umri inaokoa zilizobaki.

Na safu ya siku na saa ndiyo inayonipandisha shinikizo la damu, kwa sababu waandishi wanaiona ya kitoto. "Mhariri, siku si siku tu?" Hapana, si siku tu, hasa kwa Kiswahili.

Tuchukue sentensi hii: "Marehemu alionekana mara ya mwisho usiku wa Ijumaa." Usiku upi? Kwa bibi yangu siku ilianza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule ambao kukicha watu wanakwenda msikiti wa Ijumaa, yaani ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Kwa kijana wa ofisini, usiku wa Ijumaa ni ule wa kutoka kazini kwenda kula nyama choma. Redioni wamejinusuru kwa "usiku wa kuamkia", na wewe unaweza kujinusuru hivyo hivyo, ila mhusika wako hasomi taarifa ya habari. Ongezea saa. Mwandishi ananakili kutoka kwenye simu yake: "Ujumbe uliingia saa 2:14 usiku." Simu iliandika 02:14. Hiyo ni saa nane na dakika kumi na nne, watu wamelala. Saa mbili usiku ndiyo kwanza wanakula. Tofauti ya saa sita, na huyo aliyetuma ujumbe ndiye mshukiwa!

Niliwahi kupokea mswada ambamo shahidi alihesabu usiku kwa njia moja na mpelelezi kwa nyingine, na ushahidi mzima wa kumfunga mtu ukawa umening'inia hapo bila mwandishi kujua. Nilipomweleza akasema wasomaji wataelewa tu. Wataelewa nini, dada yangu? Wewe mwenyewe hukuelewa. Nikamwambia ageuze: shahidi awe bibi wa miaka 80, mpelelezi awe kijana wa mjini, na kosa hilo hilo liwe ndilo linalomfunga asiye na hatia mpaka sura ya mwisho. Alikasirika wiki mbili. Kisha akaandika. Msuko ule haukutoka kwenye programu, na siamini kuna lugha nyingi zingempa.

Mwezi, basi. Huu nao una watu wake. Kila mwaka naletewa mbalamwezi ya Ramadhani tatu, wapenzi wamekaa barazani saa nne usiku, mwezi "unamwaga fedha uani". Ramadhani tatu! Mwezi umeandama juzi. Ni ukucha tu, na muda mfupi baada ya isha umeshazama. Hivyo hivyo na zile taarabu za usiku wa Idi chini ya mwezi mpevu. Mwezi mpevu ni wa tarehe 14 na 15 za mwezi mwandamo, unachomoza jua linapozama na kutua kunapokucha. Kila siku baada ya hapo unachelewa kama dakika 50. Tarehe 20 utauona saa tano usiku hivi. Tarehe 27 unachomoza watu wakila daku. Wazee wetu walijua haya bila umeme. Wewe una Stellarium, programu ya bure: unaandika mahali na tarehe, hata ya mwaka 1905, inakuonyesha anga lilivyokuwa. Hiyo ndiyo programu niliyo tayari kukupendekezea, nayo haina mahali pa kuandika riwaya.

Mwezi ukiujua umeyajua na maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwenye pwani ya Unguja na Dar es Salaam siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne. Kwa hiyo ukimpeleka mwanamke kuokota chaza asubuhi ya saa nne siku ya mwezi mpevu, sawasawa. Ukimpeleka saa kumi jioni, umemzamisha. Na jahazi la tanga, kabla ya mashine, halitoki Unguja kwenda Lamu Januari kwa raha: kaskazi inavuma usoni. Subiri kusi.

Makosa ya miaka nayapitia kwa ufupi kwa kuwa haya mkisahihishwa hamgombani. Mhusika wa 1998 hawezi kutoka mkoa wa Geita. Mkoa huo umeanzishwa 2012. Familia ya Morogoro haikai sebuleni 1985 kutazama taarifa ya habari ya televisheni: Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, Bara tumesubiri hadi 1994. Wakenya hawakutumiana M-Pesa kabla ya Machi 2007, hata kama mchumba alikuwa na shida sana.

Haya utayapata wapi? Magazeti ya zamani, na hapa sina utani. Siku moja na Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, inakufaa kuliko video mia za "siri za uandishi". Nenda Nyaraka za Taifa, au kitengo cha East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nyaraka za Zanzibar. Usisome habari kubwa. Soma matangazo ya biashara na barua za wasomaji. Humo mna bei ya kitambaa na matusi ya heshima.

Kwa lugha, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981, kila mtu anayo au anajidai anayo. Lakini ukiandika ya kale tafuta za kale: ya Johnson ya 1939, na ya Sacleux iliyoanza kutoka mwaka huo huo, ambayo imeandikwa kwa Kifaransa na imejaa maneno ya lahaja yasiyopatikana kwingine. Mhusika wa 1930 akisema "mchakato", nanusa warsha ya wafadhili na chai ya saa nne. Kuna pia kongoo ya Helsinki, yaani hazina ya matini kwenye kompyuta, yenye maneno kama milioni 25 ya Kiswahili, ambayo inakuonyesha neno linatembea na akina nani. Wataalamu wa isimu wanaitumia. Sijui mwandishi mwingine wa riwaya anayeitumia zaidi ya mmoja, na yeye ni mwalimu wa isimu.

Na sauti: jirekodi ukisoma mazungumzo ya wahusika, usikilize ukiwa unapika. Sentensi iliyotafsiriwa kichwani kutoka Kiingereza utaisikia kabla vitunguu havijaiva.

Sasa niseme linalonisumbua, maana nimewakemea vya kutosha. Miaka kadhaa nyuma nilimfutia mwandishi mmoja mbalamwezi. Ilikuwa usiku wa Ramadhani tano, binti anaaga nyumba ya baba yake, mwanga wa mwezi umeanguka kwenye ndoo ya maji uani. Nikauzima mwezi, nikaweka kandili. Kila kitu kikawa sahihi na tukio likafa. Tulijaribu taa ya jirani, tukajaribu nyota. Mwisho alirudisha mwezi wake kwa hasira, nami nikanyamaza, kikachapishwa hivyo. Hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika. Wawili waliniambia kwamba pale kwenye ndoo ndipo walipolia.

Kwa hiyo sina hakika daftari langu linaitumikia riwaya au linautumikia usingizi wangu. Tena nimeshaona waandishi waliopanga kila sura kwa rangi tatu za kalamu, wakamaliza mpango na hamu ikaishia humo humo. Siku hizi nawaambia waandike rasimu ya kwanza kichaa-kichaa na daftari lijazwe kwa ajili ya rasimu ya pili, lakini miaka mitano iliyopita nilisema kinyume chake, kwa ukali huu huu.

Kijana wa tatu nilimjibu kabla sijaanza kuandika hapa. Nilimwambia anunue daftari dukani kwa jirani, achore mistari, aandike tukio moja leo. Amejibu sasa hivi: "Asante sana mhariri. Daftari la kurasa ngapi ndilo zuri?"