Tumbo Dogo Mbele ya Sinia Kubwa

Mtu akija kliniki yetu ya lishe hapa Lamu kuuliza habari za baipasi ya tumbo, yaani upasuaji wa kupunguza uzito, swali langu la kwanza huwa: nyumbani kwako nani anapika? Wengi hushangaa. Wao wamekuja kuuliza juu ya kisu, gharama na safari ya Nairobi, nami nawauliza habari za jikoni. Lakini katika wale waliorudi kisiwani baada ya upasuaji huu, walioteseka zaidi ni wale ambao watu wa nyumbani kwao hawakuelezwa kitu.

Daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo ikawa kifuko cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa. Kisha hukata utumbo mwembamba na kuupandisha hadi kwenye kifuko hicho. Aliyewahi kupanda boti ya Faza, kisiwani Pate, anaujua Mkanda: maji yakijaa, nahodha hupita baina ya kisiwa cha Manda na bara asizunguke bahari kuu. Chakula nacho hupewa Mkanda wake. Hakipiti tena sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Sehemu iliyorukwa haitupwi. Hubaki mwilini ikitoa maji ya kusagia chakula, yakakutana nacho mbele.

Si udogo wa tumbo peke yake unaopunguza uzito. Chakula kikifika mapema kwenye utumbo wa chini, homoni za shibe hupanda na njaa hupoa. Ndiyo sababu sukari ya mwenye kisukari huweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata hajakonda, na dawa zake lazima zipimwe upya na daktari. Wengi hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wao katika mwaka mmoja na nusu hivi. Baadhi hurudisha sehemu ya uzito huo baadaye.

Upasuaji huu si dawa ya kila kitambi. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa miaka mingi kipimo cha kufaa upasuaji kimekuwa 40 na zaidi, au 35 kwa mwenye kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaoletwa na unene. Mtu wa mita 1.60 hufika 35 akiwa na kilo 90.

Sasa turudi kwenye sinia. Kwetu chakula huliwa pamoja, na mkono uendao siniani na kurudi hauhesabu tonge. Mgeni wa Maulidi asipokula pilau, mwenye nyumba huuliza amemkosea nini. Mtu wa baipasi hushiba kwa matonge machache; akiongezewa moja la heshima, hutapika. Nawaomba akina mama na mashangazi: mpakulieni kwenye kisahani chake, aketi nanyi palepale, na msimwambie "ongeza, wewe hujala". Aanze na samaki. Anahitaji gramu 60 hivi za protini kila siku, na kisiwani tuna bahati, kwani changu na tafi wa kuchoma wako karibu. Kisha mboga, na wali wa nazi mwisho kama nafasi ipo. Atafune pole pole. Asiteremshe mahamri kwa chai: anywe nusu saa baada ya kula.

Halua, kaimati na sharubati zina hatari ya peke yake. Sukari nyingi ikimwagika ghafla utumboni, ndani ya nusu saa moyo huenda mbio, jasho humtoka, tumbo humsokota, huenda akaharisha. Wengine hupata kizunguzungu na kutetemeka saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inapoporomoka. Nimesikia watu wakisema kapigwa jicho. Si jicho. Ni kaimati.

Maneno ya mtaani nayo huumiza. Kwetu mwili mnene ni dalili ya raha, na anayekonda haraka huulizwa ana nini. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huweza kupukutika, maneno yakazidi. Kwa kawaida huota tena, mradi protini na madini havikosekani.

Vitamini ni za maisha yote. Utumbo uliorukwa ndio uliokuwa ukinyonya sehemu kubwa ya chuma na kalsiamu, na vitamini B12 nayo hupungua. Chuma na kalsiamu zipishane saa mbili angalau, na vidonge vya chuma visimezwe kwa chai. Damu ipimwe kila mwaka hata mtu akijiona mzima; upungufu wa B12 huharibu mishipa ya fahamu taratibu, na aliyechelewa huenda asipone kabisa.

Mwanamke angoje miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na asitegemee vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango, maana huenda visinyonywe vizuri. Ramadhani ya mwaka wa kwanza asifunge bila kuonana nasi: kifuko kidogo hakiwezi kufidia maji ya mchana kutwa kwa usiku mmoja.

Akiumwa kichwa au mgongo apewe parasetamoli. Brufen na diklofenaki huchimba vidonda pale utumbo ulipounganishwa, na sigara pia. Nayo maumivu makali ya tumbo, hata miaka mingi baadaye, yaweza kuwa utumbo uliojisokota ndani. Utumbo huo ukikosa damu huoza kwa saa chache. Kutapika kusikokoma nako huimaliza vitamini B1 na kuudhuru ubongo. Kwa hiyo aliye Faza au Kizingitini msimwekee ndimu wala kumkanda tumbo, na msingoje boti ya asubuhi. Tafuteni chombo usiku uleule. Kila mgonjwa wetu tunamwandikia karatasi yenye jina la upasuaji na tarehe yake, aitie kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji pamoja na kitambulisho, ili daktari atakayempokea ajue ramani ya tumbo lile kabla hajaligusa.