Amri Ikitupendeza, Nayo Tuiulize

Tukienda kutoa elimu ya katiba vijijini Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, swali huwa lilelile. Safari iliyopita aliliuliza mzee mmoja aliyekalia gunia tupu chini ya mkorosho: "Mwanangu, Rais alipotupatia shilingi 3,300 kwa kilo ya korosho, ulitaka tukatae?"

Ana haki ya kuuliza. Msimu wa 2018 wakulima waligomea bei za mnada. Novemba, Rais John Magufuli akavunja Bodi ya Korosho, akawaondoa mawaziri wawili, akaamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Watu walishangilia, na mimi siwalaumu. Ila mnada, bodi na AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, vyote viliwekwa kando kwa siku chache. Uhakiki wa wakulima ulipoanza na malipo ya wengi kuchelewa, wa kumbana hakuwepo tena. Ukimuuliza karani, anakuambia tusubiri maelekezo kutoka juu.

Juni mwaka huohuo lilipita jambo kubwa zaidi, bila kelele nyingi. Bunge lilibadili sheria, na asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga, kura zikawashinda. Hakuna kifaru kilichoingia barabarani. Demokrasia mara nyingi huliwa hivyo, kwa mihuri na kura halali. Uganda ukomo wa mihula uliondolewa 2005 na ukomo wa umri wa rais 2017, mara zote mbili bungeni.

Katiba yetu ya 1977 yenyewe imempa Rais nafasi pana. Ibara ya 37 haimlazimishi kufuata ushauri wa mtu, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Ibara ya 41 inazuia mahakama kuchunguza ushindi wake akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Kwingine chombo cha sheria huweza kuuliza: Senegal, Februari 2024, Baraza la Katiba lilibatilisha hatua ya kuahirisha uchaguzi wa rais, na wananchi wakapiga kura Machi.

Nilimjibu mzee: pokea, lakini uliza amri hiyo imepita kikao gani. Kisha nikawauliza wao: mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu wa kusomewa mapato na matumizi, ulikaa lini?

"Kabla ya palizi," akasema mama mmoja. Mwenyekiti akaanza kutafuta miwani yake mfukoni.