Mkusanya madeni sio dalali wa mahakama

Hawa watu wawili tunawachanganya sana, na wao wenyewe wala hawana haraka ya kutusahihisha. Mkusanya madeni ni mtu au kampuni iliyopewa kazi na benki, taasisi ya mikopo au app ya simu kufuatilia marejesho yaliyokwama, mara nyingi analipwa asilimia ya atakachokusanya, ndo maana anakupigia saa kumi na mbili asubuhi utadhani hela ni yake. Kazi yake ni kukukumbusha, kukaa na wewe mpange upya rejesho, ikishindikana mkopeshaji afungue kesi. Basi. Kuja na wenzake watatu kwenye Noah na kitambulisho shingoni hakumpi ruhusa ya kuingia ndani kubeba TV.

Dalali wa mahakama, yule wa kukamata na kuuza mali ya mdaiwa, anateuliwa kwa kanuni maalum, za sasa ni za 2017, na anakuja mwishoni kabisa: kesi imesikilizwa, hukumu imetoka, na mahakama imetoa amri ya kukaza hukumu, yaani itekelezwe. Kama ndo yeye kweli, mwambie akuonyeshe hiyo amri. Na yeye pia ana mipaka, Sheria ya Mwenendo wa Madai kifungu cha 48 inamkataza kugusa nguo za familia, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na vifaa vya fundi. Sasa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wa mtaani kwetu walimfuata mama ntilie mmoja, kachelewa wiki mbili tu, wakabeba jiko la gesi na yale masufuria yake makubwa ya wali, hukumu hakuna, mtendaji wa mtaa hana habari, mama wa watu anawauliza sasa hiyo hela yenu nitaipikia wapi.

Ila soma ulichosaini. Kama uliweka nyumba rehani hapo ni habari nyingine, benki inaweza kuuza hata bila kesi, ila lazima ikupe notisi ya maandishi kwanza.

Ile meseji ya "UTAKAMATWA LEO SAA 10" nayo ni vitisho tu mara nyingi. Deni ni madai, sio jinai, labda kama ulikopa kwa nyaraka za kufoji. Kuna kitu kinaitwa mfungwa wa madai, yaani anayefungwa kwa deni, ndio, ila hadi mahakama iamue, na anayekudai ndo anagharamia chakula chako huko ndani (wengi wakisikia hivyo wanatulia).

Wa kwenye app wana mtindo wao, wanachota namba zote kwenye simu yako halafu wanamtumia mama mkwe na bosi meseji kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitaja app na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo piga skrinishoti kila kitu upeleke malalamiko kwenye Tume yake. Deni lenyewe halifutiki kwa hilo lakini, unadaiwa bado.

Akipiga tena muulize jina, kampuni, na barua ya mkopeshaji inayomtuma, omba mchanganuo wa deni kwa maandishi, riba ngapi na faini ngapi. Hela lipa kwenye akaunti ya mkopeshaji mwenyewe. Jamaa yangu alirusha laki mbili kwenye namba binafsi ya "afisa", mwezi uliofuata kapigiwa na afisa mwingine, deni liko vilevile na faini juu.