Wati si kipimo cha mwanga

Juzi, kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Mwanga, Kigoma, nimemsikia tena mteja akiikataa taa ya LED. "Wati tisa? Itamulika nini hiyo? Nipe ya sitini." Muuzaji akaafiki, eti hizo ndogo ni za chooni. Nimenyamaza mara nyingi, safari hii nimeshindwa.

Wati ni kipimo cha kasi ya kula umeme, basi. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja: taa ya wati 9 itawaka nayo saa 111 hivi, glopu ya wati 60 haifikishi saa 17. Kuhusu mwanga, wati haisemi kitu.

Jina lenyewe lingetuzindua. James Watt alikuwa Mskoti wa injini za mvuke, akizilinganisha nguvu zake na za farasi. Alifariki 1819, miaka 60 kabla ya Edison kuwasha glopu yake ya uzi wa kaboni mwaka 1879 (na Swan wa Uingereza naye hakuwa nyuma, ingawa husahaulika). Taa ya umeme ya nyumbani Watt hakuiona, tunamsingizia bure.

Kosa lina chimbuko lake. Zamani glopu zote zilikuwa za uzi, zote zikipoteza umeme kwa namna ile ile, kwa hiyo yenye wati nyingi kweli iling'aa zaidi. Sehemu kubwa ya umeme huo iliishia kuwa joto, ndiyo maana wafugaji wanaitumia kulelea vifaranga.

Mwanga hupimwa kwa lumeni, neno la Kilatini lenye maana ya mwanga, yaani jina la mtaa wetu huu huu! Glopu ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, na LED ya wati 9 hutoa hizo hizo. Ipo pia kandela, kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Hiyo ni ndugu wa damu wa kandili: Kilatini ni candela, Waarabu wakasema qindil, nasi tukapokea kandili. Bibi wa Ujiji anayesema "niletee kandili" yuko karibu na fizikia kuliko yule muuzaji.

Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi hawachanganyi. Walipoacha karabai wakashika LED za betri, maswali yao yalikuwa mawili: betri itafika alfajiri? Na mwanga utawavuta dagaa? La kwanza ni wati, la pili ni lumeni.

Kaka, ile ya sitini uliyoondoka nayo itakumulikia vizuri tu. Ila siku ikiungua, kabla hujasema namba dukani, ligeuze boksi utafute palipoandikwa lm.