Je, wajua kwa nini boti ya mvuke ilibeba mzigo mdogo kuliko boti ya farasi?

Mwaka 1909, kwenye karakana ya kampuni ya Fellows, Morton & Clayton huko Saltley, Birmingham, iliundwa boti ya mvuke iliyopewa jina President. Iligharimu pauni 600, na kwa enzi zile hizo hazikuwa pesa za kuchezea. Cha ajabu, pamoja na boila lake na dohani yake yenye pete za shaba zinazong'aa, ilipakia mzigo mdogo kuliko boti ya kawaida iliyokokotwa na farasi mmoja. Boti ya farasi ilibeba tani 25 hadi 30. Kwenye ile ya mvuke, injini, boila na akiba ya makaa ya mawe vilikuwa vimeshameza nafasi ya tani 10 hivi kabla gunia la kwanza halijapakiwa.

Mfanyabiashara gani mwenye akili zake anatoa pesa nyingi ili apakie kidogo?

Tuanze na mfereji wenyewe. Mifereji ya katikati ya Uingereza ilianza kuchimbwa miaka ya 1760, na mingi ya mwanzo ilisimamiwa na fundi mmoja, James Brindley. Ili kupunguza gharama za kuchimba na kutopoteza maji, aliyajenga malango ya maji kwa upana wa futi 7 na ushei tu. Lango la maji ni kama chumba kisicho na paa, chenye milango mbele na nyuma. Boti inaingia, milango inafungwa, maji yanajazwa au yanapunguzwa, na boti inapanda au kushuka kilima taratibu. Chombo kisichoenea humo hakina safari. Kwa hiyo boti zote ziliundwa kwa kipimo kimoja: upana wa mita 2.1, urefu wa karibu mita 22. Chukua Coaster ya daladala: upana ni uleule, ila urefu ni wa Coaster tatu zilizofuatana. Ndani ya chombo kama hicho huna pa kupanukia. Ukiweka boila, umeondoa sukari.

Wengi hudhani mvuke uliletwa kwa ajili ya kasi. Hapana. Kwenye mfereji mwembamba boti iliyojaa husukuma maji mbele yake kama pistoni ndani ya silinda, na ukizidisha nguvu unachopata ni mawimbi ya kubomoa kingo. Mwendo ni ule wa mtu anayetembea kwa miguu, kilomita 5 kwa saa hivi, uwe na farasi au uwe na boila.

Faida ilikuwa kwingine: boila halichoki. Farasi anahitaji kula, kupumzika na kulala. Zilikuwepo boti za farasi zilizokwenda usiku na mchana, lakini zilihitaji farasi wa kupokezana njia nzima, na mazizi ya kuwaweka. Boti ya mvuke ilitoka London hadi Birmingham bila kulala, kwa saa 54 hivi. Safari yenyewe ni kama kilomita 220, na malango ya maji ni zaidi ya 150. Hebu fikiria kufungua na kufunga milango hiyo yote kwa mikono, mingine saa nane za usiku, kwenye mvua ya Novemba.

Faida ya pili ni kuvuta. Nyuma ya boti ya mvuke ilifungwa boti nyingine isiyo na injini, inayoitwa butty, neno ambalo mtaani kwao lina maana ya swahiba au mwenza. Jina limekaa mahali pake, maana mzigo ulioshindikana kuingia kwenye boti ya mvuke uliingia kwa mwenzake. Kati ya London na Braunston, kijiji kilicho njiani, malango ni mapana, hivyo zote mbili ziliingia ubavu kwa ubavu zikapita mara moja. Penye malango membamba zilipita moja baada ya nyingine, na butty ikavutwa kwa kamba na watu. Hapo ndipo hesabu ilipokaa sawa: ukizijumlisha mbili zinapata shehena ya maana, na inafika upesi. Kwa chai, sukari na bidhaa nyingine za dukani, ambazo mwenye duka alizisubiri, kufika upesi kulilipa.

Ila kulikuwa na deni lililojificha. Boila halichoki, lakini binadamu anachoka. Kwenda usiku na mchana kulitaka watu 7 au 8 kwa boti zote mbili, wakipokezana zamu: wa kushika usukani, wa kuchochea moto, wa kukimbilia lango linalofuata. Wote walikuwa wanaume wa kulipwa mshahara. Kwenye boti nyingi za farasi, kazi ilifanywa na baba, mama na watoto, na mshahara ulikuwa wa baba peke yake. Ushindani huo mvuke haukuuweza kamwe, na kwa maoni yangu ndio uliouua, kuliko hata bei ya makaa.

Kulikuwa na hatari pia. Kwenye handaki la Blisworth, lililo kwenye njia hiyo hiyo na lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.8, hakuna njia ya farasi kandokando ya maji. Zamani watu walilala chali juu ya mbao wakaisukuma boti kwa kukanyaga kuta kwa miguu, hatua kwa hatua, gizani. Boti za mvuke zilipita zenyewe, lakini moshi ulibaki humo. Septemba 1861, handaki likiwa kwenye ukarabati, wafanyakazi wawili wa boti ya mvuke Bee walikufa kwa kukosa hewa. Baadaye handaki liliongezewa matundu ya kupitishia hewa.

Kisha ikaja alfajiri ya Oktoba 2, 1874, London, karibu na bustani ya wanyama ya Regent's Park. Boti ya mvuke ilikuwa ikivuta msururu wa boti nyingine, na mojawapo, Tilbury, ilikuwa na mapipa ya petroli pamoja na tani kadhaa za baruti. Mvuke wa petroli ulishika moto na Tilbury ikalipuka chini ya daraja la Macclesfield. Watu watatu waliokuwa ndani wakafa, daraja likabomoka. Nguzo zake za chuma zilisalimika zikatumika tena, ila zilipopandishwa ziligeuzwa. Ukienda leo utaziona zina mikwaruzo ya kamba za farasi pande mbili: upande mmoja ni wa kabla ya mlipuko, wa pili ni wa baada yake.

Kilichouzika mvuke kilitoka Uswidi. Mwaka 1912 Fellows, Morton & Clayton walifunga injini ya mafuta ya Bolinder kwenye boti yao iliyoitwa Linda. Ilikuwa na nguvu ya farasi 15 na silinda moja tu. Kuiwasha kulikuwa na ufundi wake: unapasha moto kichwa cha silinda kwa taa ya mafuta, unasubiri kiive, kisha unalipiga teke gurudumu lake zito. Kurudi nyuma ilikuwa kama kiini macho, kwani unaipunguza hadi karibu izime, halafu unaichokoza ili izunguke kinyume. Lakini mtu mmoja aliyesimama tezi aliiendesha peke yake, nafasi ya mzigo ikarudi, na familia ikarudi botini.

President yenyewe iling'olewa boila mwaka 1925 ikawekewa Bolinder. Ikauzwa mwaka 1946, na baada ya mifereji kutaifishwa mwaka 1948 ikawa boti ya kufanyia ukarabati wa mifereji. Mwaka 1973 watu wawili walinunua kiunzi chake kilichochoka, wakakitengeneza upya na kukirudishia mvuke. Tangu 1983 ni mali ya makumbusho ya Black Country huko Dudley. Inapotoka safari, huvuta Kildare, butty ya mwaka 1913. Zile tani 10 zimemezwa tena na boila na makaa. Safari hii hakuna mwenye duka anayesubiri sukari yake.