Dhana potofu kuhusu programu za kuchora sakiti

"Ni rula na penseli za kompyuta tu."

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingi kati ya zile nyingine. Ukichora mstari katika programu ya kawaida ya picha, unapata mstari, basi. Ukichora waya katika KiCad, programu ya bure ya kuchora sakiti, au nyingine ya aina yake, unaiambia kompyuta kwamba pini hii (mguu wa kipande) imeungana na ile. Programu inaweka orodha ya miunganisho, na orodha hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye usanifu wa bodi, yaani ubao unaobeba vipande vya sakiti. Unadhifu wa mchoro hauendi kokote.

Kwa hiyo waya mbili zikipishana bila nukta, hazijaungana. Waya ikiishia nusu milimita kabla ya pini, haijafika, hata kama ukitazama ukurasa mzima huuoni mwanya. Ndiyo maana wazoefu hawagusi gridi ambayo pini na waya hukaa juu yake, ya mili 50 (mili ni sehemu ya elfu ya inchi), yaani milimita 1.27; anayeibadilisha ili alama za vipande zikae "vizuri zaidi" anajitafutia taabu. Kinyume chake, waya mbili zilizo pembe tofauti za ukurasa zikipewa jina moja, tuseme RESET, zimeungana tayari.

"Ukaguzi haukuonyesha kosa, basi sakiti itafanya kazi."

Ukaguzi wa kanuni za umeme, unaofanywa na programu yenyewe, hutazama mambo machache: pini iliyoachwa bila waya, pini mbili za kutoa zilizounganishwa pamoja, chipu isiyopata umeme. Thamani hauzijui. Chukua LED (taa ndogo ya kielektroniki) inayohitaji volti 2 kwenye umeme wa volti 5. Resista ya omu 150 inaipa miliampea 20. Sahau sifuri, uandike 15, na hesabu inaruka hadi miliampea 200. LED ndogo ya kawaida haivumilii hilo, lakini ukaguzi utapita bila onyo lolote.

Hapo ndipo uigaji, yaani kuijaribu sakiti ndani ya kompyuta, unaposaidia. SPICE, programu ya uigaji iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, ingekuonyesha mkondo huo mkubwa. Ila usitegemee moshi: itakupa namba tu, kuitilia shaka ni kazi yako.

"Transista ni transista, alama ni ileile."

Alama ni ileile, miguu sivyo. Ukiutazama upande bapa, miguu ikielekea chini, BC547 inasomeka kolekta, besi, emita kutoka kushoto. 2N3904 inasomeka emita, besi, kolekta. Mchoro utakuwa sahihi kabisa na bodi itakuwa mbovu. Fungua hatidata (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ya kipande chenyewe kabla ya kuagiza bodi.

"Mpangilio wa mchoro ndio mpangilio wa bodi."

Hapana. Kapasita za nanofaradi 100, za kutuliza umeme wa chipu, mara nyingi huchorwa safu moja pembeni, lakini kwenye bodi kila moja inatakiwa ikae jirani kabisa na pini ya umeme ya chipu yake.

"Za bure ni za kujifunzia."

KiCad ilianzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, imechangia kuiendeleza. Haikuwekei kikomo cha ukubwa wa bodi kwa sababu hujalipa, na inafungua faili za EAGLE, programu nyingine ya kuchora sakiti ambayo kampuni ya Autodesk ilitangaza mwaka 2023 kwamba ingeisitisha Juni 2026.