Je, wajua kwa nini Msalaba Mwekundu hufika penye maafa pamoja na polisi ilhali si idara ya serikali?

Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi, walikozikwa wafuasi wa mhubiri waliofunga hadi kufa, watu waliopotelewa na jamaa zao walielekea Malindi. Katika hospitali ya Malindi palikuwa na dawati la Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kazi ya waliokaa hapo ilikuwa kuandikisha watu wasiojulikana waliko na kuwaliwaza waliokuja kuwatafuta. Msitu ulikuwa haujafukuliwa hata nusu, na tayari watu 112 walikuwa wameandikishwa kuwa wamepotea.

Hapo mtu ana haki ya kuuliza. Polisi wapo, hospitali ni ya umma, wanaochunguza maiti ni madaktari wa serikali. Mbona kazi ya kuwasikiliza wafiwa ifanywe na shirika la watu wa kujitolea?

Jibu linaanzia Bungeni. Shirika hili liliundwa kwa sheria ya Bunge, Sura ya 256, Desemba 1965. Kabla ya hapo lilikuwa tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Kisheria ni msaidizi wa serikali katika kazi za kibinadamu, na usaidizi huo ni wa namna yake: serikali inaweza kuliita, nalo lina wajibu wa kulifikiria ombi kwa uzito, lakini likiombwa jambo linalokwenda kinyume na misingi yake, linatakiwa kukataa. Misingi yenyewe ni saba, nayo ilipitishwa Vienna mwaka huohuo wa 1965. Inayogusa zaidi mambo haya ni kutopendelea, kutoegemea upande wowote na kujitegemea. Kwa hiyo anayejitolea hufanya kazi bega kwa bega na askari, ila si askari, wala hapokei amri zake kituoni.

Mamlaka ya kufunga barabara, kuamuru watu wahame au kufungua jalada la uchunguzi ni ya serikali peke yake. Katiba ya 2010 inawapa kaunti zimamoto na ambulensi, polisi wamebaki kwa serikali kuu, na udhibiti wa majanga ni wa pande zote mbili.

Sasa turudi kwenye lile dawati, maana hapo ndipo siri ya mpango huu inapoonekana. Mtu ambaye dada yake alimfuata mhubiri msituni ana mambo mengi ambayo atasita kumwambia askari. Atajiuliza: nikisema nilijua alikokwenda, si nitaulizwa mbona nilinyamaza? Nikisema alikwenda na watoto, si nitaitwa mahakamani? Mbele ya mtu asiyekusanya ushahidi wa kesi, maneno hutoka. Jina, umri, alama ya mwilini, siku aliyopiga simu mara ya mwisho, nguo aliyozoea kuvaa. Kutafuta waliopotea ni kazi kongwe ya Msalaba Mwekundu. Ilianza mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, ilipofunguliwa ofisi mjini Basel ya kupokea na kupeleka habari za wanajeshi waliojeruhiwa na waliotekwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya serikali: kufukua, kuchunguza chanzo cha kifo, kupima vinasaba vya jamaa na kuvilinganisha na vya maiti. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu mno. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Kwangu mimi, huo mwaka wa kungoja ndio unaoonyesha thamani ya wanaojitolea. Maabara inaweza kutoa jibu, lakini haiwezi kukaa na mzazi anayelingoja.

Lamu inafundisha upande mwingine wa jambo hili. Gari la zimamoto halivuki maji. Faza, kisiwani Pate, ilipoungua mwaka 2009, moto ulirukia paa moja la makuti hadi jingine na kuziacha familia nyingi bila makao. Kwenye visiwa vile anayefika kwanza ni yule aliyekuwa hapohapo: mvuvi, mwalimu wa chuo cha Kurani, fundi cherehani. Kumfundisha huyo mapema kuna faida kuliko kumtuma mgeni kutoka Nairobi, kwa kuwa anajua mlango upi una mgonjwa asiyeweza kuinuka, na anajua maji. Katika Mlango wa Mkanda, mkondo wa bahari wanakopita watu wa Pate wakienda Amu, yaani mji wa Lamu, kwa miaka mingi boti kubwa zimekuwa zikikwama maji yakipwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hali huwa ngumu zaidi. Mgonjwa anayevuja damu saa ya maji kupwa hana ambulensi ila mikono iliyo karibu naye.

Mikono hiyo hufundishwa mambo machache na kuyarudia hadi yazoeleke. Tazama kwanza kama pana hatari. Chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa kiganja, wala usichungulie kila dakika kama damu imekoma. Damu ikiloa, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza bila kukitoa. Kumbuka saa damu ilipoanza kutoka. Mkifika gatini, mwambie muuguzi kwa ufupi: kimetokea nini, saa ngapi, umefanya nini, mgonjwa amesema nini. Kisha mwachie. Kumwachia mwenye ujuzi zaidi ni sehemu ya mafunzo, na wako wanaoiona ngumu kuliko damu yenyewe.

Lamu pia ni kaunti iliyoonja mashambulizi, Mpeketoni mwaka 2014 likiwa ndilo linalokumbukwa zaidi. Penye bunduki, kinga ya anayejitolea ni kuaminika. Ndiyo maana habeba silaha, wala silaha haipandi kwenye ambulensi yake. Ile alama nayo si ya dini, ingawa pwani swali hilo huulizwa na ni la haki. Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, kwa heshima ya nchi ambako harakati hizi zilianza mwaka 1863. Ng'ambo ya Kiunga, nchini Somalia, ndugu zao hutumia hilali nyekundu, ambayo ina hadhi ileile katika sheria ya kimataifa. Duka la dawa halina ruhusa kuchora alama hizi ukutani.

Likikufika jambo, 999 na 112 ni za polisi, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Taja mahali, idadi ya walioumia na kama wanapumua. Ukiwa kisiwani, taja pia gati iliyo karibu, na kama maji yamejaa au yamekupwa.